Mafuta ya mnyororo wa baiskeli: historia ya vita dhidi ya vumbi

Leo tuziache tarakilishi kando kidogo. Hakuna Linux wala PHP. Leo ni baiskeli, na hasa jambo moja ambalo watu wengi hulifanya kila wiki bila kulifikiria: kutia mafuta kwenye mnyororo.

Swali lenyewe ni jepesi. Mnyororo utiwe nini? Uliza mafundi watano, utapata majibu sita. Mmoja atakwambia oili mpya ya injini. Mwingine grisi. Mwingine mafuta ya cherehani. Mwingine atachovya brashi kwenye mkebe wa oili chafu iliyomwagwa kutoka kwenye injini ya matatu, na kazi imekwisha. Sisi watu wa programu tukiona swali moja lina majibu mengi namna hii, huwa tunauliza: kwani hawa wote wanatatua tatizo moja?

Nimelichimba jambo hili katika historia na nimeridhika kwamba sivyo. Kuna matatizo matatu yaliyochanganywa pamoja, nayo ni msuguano, kutu na vumbi. Karibu kila mafuta yaliyowahi kuuzwa yalitengenezwa kutatua moja au mawili kati ya hayo. Chupa husifia msuguano, lakini kinachoua mnyororo kwenye barabara zetu ni vumbi. Hebu tuone tulifikaje hapa.

Mnyororo ulitoka wapi

Baiskeli iliyokuwa maarufu Uingereza katika miaka ya 1870, ile yenye gurudumu kubwa mbele na dogo nyuma, haikuwa na mnyororo. Pedali zilifungwa kwenye gurudumu la mbele lenyewe. Pedali zikizunguka mara moja, gurudumu nalo linazunguka mara moja tu. Kwa hiyo aliyetaka kasi alihitaji gurudumu kubwa zaidi, na aliyeanguka alianguka kutoka juu sana.

Mwaka 1879 Mswisi aitwaye Hans Renold alinunua karakana ndogo ya minyororo mjini Salford, karibu na Manchester. Mwaka uliofuata, 1880, akabuni mnyororo wenye pini, bushi na rola. Pini inapita ndani ya bushi, na rola inazunguka nje ya bushi na kukaa kwenye meno. Mwaka 1885 John Kemp Starley wa Coventry akatoa baiskeli ya Rover, yenye magurudumu mawili yanayokaribiana kwa ukubwa na mnyororo wa kusukuma gurudumu la nyuma. Mwaka 1888 Dunlop akaleta tairi la upepo huko Belfast. Ukichanganya hayo matatu, umepata baiskeli unayoijua. Black Mamba ya mzee wako ni mjukuu wa moja kwa moja wa Rover.

Lakini mnyororo ulikuja na deni lake. Mnyororo wa kawaida una viungo zaidi ya 100, na kila kiungo ni beringi ndogo. Beringi za gurudumu zimefichwa ndani ya kikombe, zimefunikwa na grisi. Hizi za mnyororo ziko uchi, karibu na ardhi, nyuma ya gurudumu la mbele linalorusha uchafu. Yaani umechukua sehemu yenye kazi nyingi kuliko zote na kuiweka mahali pachafu kuliko pote.

Nyangumi, petroli na nadharia

Kabla ya mafuta ya ardhini, mashine zililainishwa kwa mafuta ya wanyama na mimea. Kazi nyororo kama za saa zilipewa mafuta ya nyangumi, kwa sababu hayakugandamana upesi. Mwaka 1859 Edwin Drake alichimba kisima chake Titusville, Pennsylvania, na baada ya hapo mafuta ya madini yakaanza kuchukua nafasi. Faida yake ilikuwa kubwa: mafuta ya mimea yakikaa hewani hushikana na kuwa kama gundi. Usitie mafuta ya kupikia kwenye mnyororo. Yatateleza leo, lakini baada ya muda utakuta gundi ya kahawia iliyojaa mchanga.

Nadharia nayo ilikuwa njiani. Mwaka 1883 Beauchamp Tower, akipima beringi za mashine Uingereza, aligundua kwamba mafuta yaliyo ndani ya beringi inayozunguka hujenga shinikizo kubwa. Mwaka 1886 Osborne Reynolds akaeleza kwa hesabu: mzunguko huyavuta mafuta katikati ya vyuma viwili na kufanya utando unaovitenganisha. Vyuma havigusani tena.

Sasa angalia mnyororo. Pini haizungukizunguki ndani ya bushi. Inajikunja kidogo ikiingia kwenye meno, inajikunjua ikitoka, basi. Mwendo ni mfupi na mzigo ni mkubwa, kwa hiyo ule utando wa Reynolds haupati nafasi ya kujijenga vizuri. Chuma na chuma vinakaribiana mno. Chembe moja ya mchanga ikiingia hapo inakuwa tupa.

Majibu matatu ya miaka ya 1890

Miaka ya 1890 baiskeli zilikuwa zimeenea kila mahali Ulaya na Marekani, na barabara nyingi zilikuwa za udongo kama zetu nyingi. Wahandisi wakatoa majibu matatu. Ukiwa umewahi kurekebisha programu ya zamani utayatambua yote.

Jibu la kwanza lilikuwa kuuficha mnyororo. J. Harrison Carter alitengeneza kisanduku kilichofunga mnyororo wote, ukapita ndani ya mafuta bila kuona vumbi. Baiskeli za Sunbeam za John Marston wa Wolverhampton zilijengea jina lao kisanduku hicho, wakakiita "Little Oil Bath". Mnyororo uliofungwa hivyo ulidumu miaka mingi kwa sababu uchafu haukuwa na mlango.

Jibu la pili lilikuwa kuutupa mnyororo na kuandika upya. Mwishoni mwa muongo huo kampuni ya Pope huko Marekani iliuza Columbia isiyo na mnyororo, yenye mhimili na gia za pembe. Ilikuwa safi, lakini pia ilikuwa ghali na ngumu kutengeneza. Mnyororo ukashinda.

Jibu la tatu lilikuwa kubadilisha mafuta yenyewe. Kampuni ya Joseph Dixon, watu wa kalamu za risasi, iliuza grafiti ya kupaka kwenye minyororo. Grafiti ni unga mkavu unaoteleza, na haunasi vumbi kama mafuta ya maji. Na mwaka 1894 George W. Cole wa New Jersey akatoa mafuta ya 3-in-One, akiwa na baiskeli akilini. Jina lilitokana na kazi tatu: kusafisha, kulainisha na kuzuia kutu. Vumbi halimo kwenye orodha hiyo.

Kwa nini basi kisanduku hakikushinda dunia nzima? Kilikuwa kizito, na kutoa gurudumu la nyuma ili uzibe pancha kulikuwa kazi ya nusu siku. Kisha zikaja gia za kuhamisha mnyororo kutoka meno haya hadi yale, ambazo Tour de France iliziruhusu mwaka 1937. Mnyororo unaohamahama hauwezi kufungiwa kwa urahisi. Baiskeli za mashindano zikaacha mnyororo uchi, na wanunuzi wa kawaida wakafuata mashindano. Waholanzi hawakufuata. Hadi leo baiskeli zao nyingi za mjini zina kisanduku. Na baadhi ya Black Mamba zetu zilikuja nacho pia, kisha tukakifungua na kukitupa kwa sababu kilikuwa kinapiga kelele.

Makopo ya roketi

Mwaka 1953 kampuni ndogo ya San Diego, Rocket Chemical Company, ilikuwa inatafuta kitu cha kufukuza maji ili vyuma visishike kutu. Jaribio la 40 likafaulu, na ndiyo maana ya namba iliyo kwenye jina WD-40. Matumizi yake ya mapema yalikuwa kulinda ngozi ya kombora la Atlas. Mwaka 1958 ikaanza kuuzwa madukani. Tazama tena orodha yetu ya matatizo matatu: hii ni dawa ya maji na kutu. Inasafisha vizuri na kulegeza kilichokwama. Lakini ni nyepesi, haikai ndani ya kiungo kwa muda mrefu. Anayeipuliza kwenye mnyororo na kuondoka amesafisha, hajalainisha.

Miaka ya 1980 baiskeli za milimani zilienea kutoka California. Specialized ilianza kuuza Stumpjumper mwaka 1981, na waendeshaji wakaingia kwenye tope kwa hiari yao. Ndipo maduka yakajaa chupa za aina mbili: mafuta mazito ya wakati wa mvua, na mafuta mepesi au yenye nta ya wakati wa kiangazi. Hatimaye vumbi lilikuwa limeingia kwenye orodha, karibu miaka 100 baada ya Carter.

Jaribio la maabara

Mwaka 1999 James Spicer na wenzake wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins walipima nguvu inayopotea kwenye mnyororo. Ufanisi ulifika asilimia 98.6, jambo la ajabu kwa teknolojia ya karne ya 19. Kilichoshangaza zaidi ni kwamba aina ya mafuta haikuleta tofauti ya maana. Hata mnyororo uliosafishwa ukabaki bila mafuta ulifanya vizuri. Ukubwa wa meno na mkazo wa mnyororo ndivyo vilivyokuwa na uzito.

Je, mafuta hayana maana? La. Maabara ilikuwa safi, na jaribio lilipima nguvu inayopotea, halikupima mnyororo unadumu kilomita ngapi. Sisi tunaijua hadithi hii: programu inakimbia vizuri kwenye mashine ya aliyeiandika, kisha inapelekwa kwa mteja na kuanguka. Jaribio lilikuwa sahihi kwa mazingira yake, lakini mazingira yako ni mengine. Baadaye wapimaji huru kama Zero Friction Cycling wa Australia walianza kuzungusha minyororo huku wakiongeza mchanga na maji kwa makusudi. Hapo ndipo tofauti kati ya chupa na chupa inapoonekana, na nta iliyoyeyushwa imekuwa ikifanya vizuri sana, kwa sababu ikikauka haishiki vumbi.

Sasa turudi nyumbani

Jina boda boda lilianza na baiskeli zilizobeba watu katika mpaka wa Busia katika miaka ya 1960. Pikipiki zimechukua abiria wengi, lakini baiskeli bado inabeba maziwa, mkaa, mitungi ya maji na watoto wa shule. Kwa mwenye baiskeli hiyo, mnyororo ni pesa. Mnyororo uliochakaa hula meno ya mbele na ya nyuma, na hapo hununui kitu kimoja tena, unanunua vitatu.

Pima mwenyewe. Kutoka pini hadi pini ni nusu inchi, kwa hiyo viungo 24 vya mnyororo mpya ni inchi 12 kamili. Weka rula. Ukikuta inchi 12 na sehemu moja ya kumi na sita, umerefuka kwa nusu asilimia: tafuta mpya kabla meno hayajaharibika. Ukikuta inchi 12 na sehemu moja ya nane, yaani asilimia moja, umechelewa, na huenda meno nayo yamekwisha. Chuma hakikuvutika. Kila kiungo kimelika ndani kidogo tu. Nusu asilimia ni kama milimita 0.06 kwa kiungo, unene wa unywele. Mara viungo 112, mnyororo mzima umeongezeka milimita 7.

Basi chagua kwa kuangalia barabara yako:

- Vumbi la kiangazi: mafuta mepesi na machache, au nta. Nta iyeyushwe ndani ya chombo kilichowekwa kwenye maji ya moto, kamwe si juu ya moto wenyewe, maana inashika moto.
- Mvua na tope: mafuta mazito kidogo. Oili mpya ya injini inafaa ukiipangusa vizuri.
- Pwani, kwenye hewa ya chumvi: adui wa kwanza ni kutu, kwa hiyo usiache mnyororo ukavu hata kama baiskeli imelala.
- Grisi: iache kwenye beringi za magurudumu. Ukiipaka juu ya mnyororo haiingii ndani, inakusanya mchanga tu.
- Oili chafu ya injini: achana nayo. Ina masizi na chembe za chuma, yaani unatia uchafu kwa mkono wako. Isitoshe, ina kemikali zinazoweza kusababisha saratani ya ngozi, na fundi huishika kutwa.

Namna ya kutia ni muhimu kuliko chupa. Safisha kwanza kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, acha ukauke. Tia tone moja kwenye kila rola, zungusha pedali, subiri dakika kadhaa yaingie ndani. Kisha pangusa nje kabisa, mpaka uone kama umeyatoa yote. Kilichobaki ndani ndicho kinachofanya kazi. Kilichobaki nje kinakaribisha vumbi.

Na kama baiskeli yako bado ina kisanduku cha mnyororo, tafadhali usikitupe. Mwambie fundi akikaze kiache kelele. Carter alikuwa na jibu zuri kuliko chupa nyingi zilizokuja baada yake.

Kwa leo tukomee hapo. Wiki ijayo tunarudi kwenye tarakilishi, inshallah. Safari njema barabarani.