Puma: Paka Mmoja, Majina Tele
Waquechua wa milima ya Andes walimwita puma. Marekani, watu wa Florida humwita panther. Kwingineko ni cougar au simba wa milimani. Ni mnyama yuleyule, anayepatikana kuanzia Yukon, Kanada, hadi kusini kabisa mwa Chile. Usimba wake ni wa jina tu: hana manyoya marefu shingoni wala hangurumi, bali hukoroma kama paka wa nyumbani. Mtazame mtoto wake: ana madoa meusi, nayo hufifia anapokua.

Huko Florida walibaki wachache, wakazaana ndugu kwa ndugu, hata wengine wakazaliwa na mikia iliyopinda. Mwaka 1995 majike 8 waliletwa kutoka Texas kuongeza damu mpya. Idadi ikapanda.