Skonto ya Riga: mataji 14 mfululizo, kisha timu ikafa

Kila tukirekodi kipindi cha mpira, lazima litokee lile swali: ni timu gani ya Ulaya iliyotangulia kuchukua ubingwa wa nchi yake mara 14 mfululizo? Watu wanataja Juventus. Juventus iliishia 9. Wanataja Celtic, nayo 9. Bayern walifika 11, wakavuliwa. Jibu ni timu ambayo pengine hujawahi kuisikia: Skonto, ya mji wa Riga, nchini Latvia. Kuanzia 1991 mpaka 2004 hakuna mwingine aliyegusa ubingwa wa ligi ya nchi hiyo, ambayo wenyewe wanaiita Virslīga. Wapo waliokuja kuifikia rekodi hiyo baadaye, kama Lincoln Red Imps ya Gibraltar, lakini Skonto ndio walioiweka.

Sasa fungua msimamo wa ligi ya Latvia leo uitafute Skonto. Haipo hata daraja la chini. Ilifilisika mwaka 2016, miaka 12 tu baada ya taji lile la 14.

Mimi niliijua Skonto bila kujua kwamba naijua. Nilikulia Southampton, na Machi 1999 timu ya mji wetu ilikuwa inashuka daraja, kila mtu ameshakata tamaa. Ikamnunua straika mdogo wa umbo kutoka Latvia kwa pauni 800,000. Jina lake Marians Pahars, Mlatvia wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya Uingereza. Tarehe 16 Mei, siku ya mwisho ya msimu, Southampton ilihitaji kuifunga Everton. Ikashinda 2-0, na mabao yote mawili akafunga Pahars. Baba, ambaye mpira kwake ni Simba na basi, alisimama mbele ya redio jikoni akapiga makofi. Mimi nilikuwa na miaka tisa, nikaamini Latvia ni nchi kubwa sana.

Si kubwa. Iko kwenye Bahari ya Baltiki, imebanwa kati ya Estonia na Lithuania, na ilipokuwa inaachana na Umoja wa Kisovieti ilikuwa na watu wasiozidi milioni 2.7. Ilipata uhuru mara ya kwanza mwaka 1918 na ikawa na ligi yake, ambamo timu ya mji wa bandari wa Liepāja, Olimpija, ilikuwa moto. Mwaka 1940 Wasovieti wakaimeza nchi, wakaja Wajerumani, kisha Wasovieti wakarudi na kukaa mpaka 1991. Miaka yote hiyo mpira wa Riga ulikuwa tawi dogo la mti mkubwa wa Moscow. Timu kubwa ya huko iliitwa Daugava, jina la mto unaopita katikati ya mji, na muda mwingi ilikuwa inahangaika kwenye madaraja ya chini ya ligi ya Kisovieti.

Mwaka 1991 kila kitu kikaanza upya kwa mpigo: bendera, baadaye fedha, pasipoti, na ligi ya mpira. Hapo ndipo anapoingia Guntis Indriksons, mfanyabiashara wa ule uchumi mpya, aliyeanzisha timu iliyoitwa kwanza Forums-Skonto. Mwaka uliofuata ikabaki Skonto. Neno lenyewe ni la kibiashara, asili yake Kiitaliano: maana yake ni punguzo analopewa mteja anayelipa mapema. Yaani timu iliyotawala nchi miaka 14 iliitwa Punguzo! Lakini ukifikiria, jina hilo linausimulia wakati wake kuliko wimbo wa taifa. Viwanda vya serikali vilikuwa vinayumba, na aliyekuwa na pesa taslimu mkononi ndiye aliyekuwa na timu.

Ushindi wao ulikuwa na hesabu nyepesi. Kwanza, walikusanya karibu kila mchezaji mzuri aliyebaki nchini. Pili, bingwa wa nchi ndiye aliyekwenda kwenye mechi za mchujo za Ulaya, na huko ndiko zilikokuwa pesa na macho ya wanunuzi. Ukishinda mwaka huu, unapata pesa ya kushinda mwaka ujao. Tatu, ligi yenyewe ilikuwa ndogo. Kwa miaka mingi ilikuwa na timu nane tu, kila timu ikikutana na mwenzake mara nne, jumla mechi 28, zikichezwa kuanzia masika mpaka vuli kwa sababu wakati wa baridi uwanja ni barafu. Katika ligi ya namna hiyo mnyonge hana pa kujificha. Utapigwa na Skonto mara nne kila mwaka, na mchezaji wako bora atakufuata msimu ujao amevaa jezi yao. Juu ya ubingwa, walibeba pia Kombe la Latvia mara nane.

Tena funguo zote zilikuwa kwenye nyumba moja. Kuanzia 1996 Indriksons akawa rais wa shirikisho la mpira la nchi, akakaa mpaka 2018. Aleksandrs Starkovs, kocha wa Skonto, kwa miaka kadhaa alikuwa pia kocha wa timu ya taifa. Uwanja wa Skonto, uliofunguliwa mwaka 2000, ukawa uwanja wa taifa. Hata Eurovision ya 2003 ilifanyika kwenye ukumbi ulio jirani na uwanja huo, nao unaitwa Skonto. Sisemi kulikuwa na hila. Katika nchi ndogo watu ni walewale. Ila kitu chochote kinachomtegemea mtu mmoja kiasi hicho mimi hunitia wasiwasi.

Ulaya hawakuwa wa kudharauliwa. Mwaka 1994 waliitoa Aberdeen ya Scotland kwenye Kombe la UEFA: 0-0 nyumbani, 1-1 ugenini, goli la ugenini likawavusha. Mwaka 1997 walikwenda Camp Nou wakafungwa na Barcelona 3-2, wakarudiana Riga wakafungwa 1-0 tu. Mwaka 1999 Chelsea iliwapiga 3-0 London lakini kule Riga ikaishia 0-0. Hawakuwahi kuingia makundi ya Ligi ya Mabingwa. Walichokuwa wanafanya ni kuonyesha bidhaa, na Uingereza ikawa inanunua: baada ya Pahars, Imants Bleidelis naye akaja Southampton, Igors Stepanovs akaenda Arsenal, kipa Aleksandrs Koļinko na kiungo Andrejs Rubins wakaenda Crystal Palace.

Hebu nisimame kidogo kwenye haya majina, kwa sababu hapa ndipo historia hii iliponigusa kama mtoto wa wahamiaji. Kilatvia kina tabia ya kuongeza s mwishoni mwa majina ya wanaume. Hata wageni hawaponi: David Beckham akiandikwa Kilatvia ni Deivids Bekhems. Nilicheka, kisha nikakumbuka kwamba sisi nasi neno la mgeni haliingii ndani mpaka livae irabu: benki, gesti, soksi. Kila lugha ina kanzu inayomvisha mgeni mlangoni.

Lakini kule Latvia suala la lugha halikuwa utani. Sensa ya 1989 ilionyesha Walatvia ni asilimia 52 tu ya watu wa nchi yao. Wengi wa waliobaki walikuwa Warusi, Waukraine, Wabelarusi na wengine walioletwa au waliokuja enzi za Kisovieti. Nchi ilipojitenga, uraia walipewa waliokuwa raia kabla ya 1940 na vizazi vyao. Wengine wote, karibu watu 700,000 katikati ya miaka ya 1990, wakabaki na hadhi ya ajabu, na pasipoti ya zambarau iliyowataja kuwa si raia. Wamo waliozaliwa hapohapo Riga. Njia ya kuupata uraia ilifunguliwa mwaka 1995, na ilipitia kwenye mtihani wa lugha ya Kilatvia na historia ya nchi.

Usiangalie upande mmoja tu. Walatvia waliona lugha yao ikisukumwa pembeni miaka hamsini ndani ya nchi yao wenyewe, na hofu yao ilikuwa ya kweli. Ila mtoto aliyezaliwa mtaa ule ule na kuambiwa athibitishe kwamba ni wa hapo, naye namwelewa vizuri mno.

Ndani ya Skonto dunia hizi mbili zilivaa jezi moja. Majina kama Astafjevs, Miholaps na Verpakovskis ni ya Kislavoni yaliyovishwa s ya Kilatvia. Pahars mwenyewe alizaliwa Chornobai, Ukraine. Uwanjani Kirusi kilisikika sana, na bendera waliyoipigania ilikuwa ya Latvia. Vitālijs Astafjevs aliichezea nchi hiyo mara 167, na alipostaafu hakuna mwanamume Ulaya aliyekuwa ameichezea timu ya taifa mara nyingi kama yeye.

Kilele kilikuja Novemba 2003. Latvia, iliyokuwa imeshaifunga Sweden 1-0 palepale Stockholm, ikapangwa na Uturuki kwenye mechi za mwisho za kufuzu Euro. Uturuki hiyo ndiyo ilikuwa imetoka kushika nafasi ya tatu Kombe la Dunia 2002. Riga, Māris Verpakovskis akafunga, 1-0. Istanbul, Uturuki wakatangulia 2-0 na uwanja ukawa unatetemeka. Juris Laizāns akapiga mpira wa adhabu ukaingia. Verpakovskis akakimbia na mpira kutoka mbali akasawazisha. 2-2. Timu iliyojaa watu waliopita Skonto, chini ya Starkovs, ikaenda Ureno 2004. Huko waliwafunga Wacheki goli la kwanza kabla ya kupoteza 2-1, wakawabana Wajerumani 0-0, wakafungwa na Uholanzi 3-0. Mpaka leo hiyo ndiyo mara pekee Latvia imecheza mashindano makubwa.

Mwaka huohuo wa 2004 Skonto wakachukua taji la 14, Starkovs akaondoka kwenda Spartak Moscow, na tarehe 1 Mei nchi ikawa imeingia Umoja wa Ulaya. Uingereza ilifungua milango ya kazi siku hiyohiyo. Sensa ya 2000 ilihesabu watu milioni 2.38 Latvia. Ya 2011 ikahesabu milioni 2.07. Wale waliokuwa wanakuja kutazama mpira walihamia Peterborough na Dublin.

Mwaka 2005 Liepājas Metalurgs wakavunja mwiko. Kisha Ventspils wakachukua mara tatu. Skonto walirudi mara moja tu, 2010, Starkovs akiwa amerejea. Kombe la mwisho lilikuja 2012, kocha akiwa Pahars, yule yule, amerudi nyumbani. Baada ya hapo ni habari za madeni, mishahara na adhabu. Mwaka 2015 walimaliza wa pili uwanjani, lakini wakanyimwa leseni ya ligi kuu, wakashushwa, na kabla ya 2016 kwisha wakafilisika.

Ukidhani ni Skonto peke yao, subiri. Metalurgs ilikuwa timu ya kiwanda cha chuma cha Liepāja, na kiwanda kilipoanguka mwaka 2013, timu haikumaliza mwaka uliofuata. Ventspils ilifungiwa na UEFA mwaka 2021 kwa kashfa ya kupanga matokeo, ikavunjika. Timu tatu zilizogawana mataji yote kuanzia 1991 mpaka 2011, zote hazipo! Sasa wanagombania Riga FC na RFS, timu iliyotoka kwenye shule ya mpira, na ambayo Januari 2025 iliifunga Ajax 1-0. Si mpira wa Latvia uliokufa. Kilichokatika ni uzi.

Simba na Yanga nazo zimepita njaa, migogoro na matajiri wa kila aina tangu miaka ya 1930, na Simba nilirithishwa na baba bila kuulizwa. Skonto ilianza 1991 na kufa 2016: miaka 25. Ni muda wa kumkuza mtoto mmoja tu.

Kazini nina mwenzangu aliyetoka Riga mwaka 2006. Baba yake alikuwa akimpeleka Skonto utotoni, na bado ana skafu yao nyekundu. Binti yake amezaliwa hapa, Jumamosi anasoma shule ya Kilatvia, na timu yake ni Southampton. Kiangazi kimoja walikwenda kumsalimia bibi, na baba akamchukua binti kwenye uwanja ule wa zamani. Uwanja bado unaitwa Skonto, ila siku hizi wanacheza Riga FC. Binti akasoma maandishi nje, akauliza Skonto ni nani.

Mwenzangu anasema alianza kueleza, akaona mchezo unaanza, akamjibu tu kwamba ni jina la uwanja.