Deni la Pwani kwa Milima ya Uluguru

Wahenga walinena kwamba milima haikutani, binadamu hukutana. Lakini uko mlima mmoja ambao kila alfajiri huteremka kuja kuonana na watu wa pwani, na mahali pa kukutania ni Kariakoo. Huja ndani ya magunia ya karoti na kabichi. Huja katika mikungu ya ndizi na mafungu ya mdalasini. Huja pia kimyakimya ndani ya mabomba, ukatoka ukiwa maji katika mfereji wa uani. Mwenye kununua huuliza bei, akapunguziwa, akaenda zake. Ni nadra kumsikia akiuliza vitu hivyo vimetoka wapi, na huko vilikotoka hali ikoje.

Makala haya yanakusudia kukumbusha uhusiano wa kale baina ya milima ya Uluguru, iliyoko mkoani Morogoro, na mji wa Dar es Salaam. Uhusiano huo ulikuwako kabla ya mji wenyewe kupata jina lake, na ndani yake mna deni ambalo watu wa zamani walilitambua kuliko tunavyolitambua sisi.

Tuanze na Kariakoo. Jina hili ni kumbukumbu ya wapagazi. Mwezi Agosti 1916 majeshi ya Waingereza yaliingia Morogoro yakiwafukuza Wajerumani kuizunguka milima ya Uluguru, na Septemba ya mwaka huohuo yakauteka mji wa Dar es Salaam. Kikosi cha wapagazi wa jeshi hilo, Carrier Corps, kikapiga kambi mahali hapo, na ulimi wa Kiswahili ukalifinyanga jina hadi likawa Kariakoo. Hivyo tangu mwanzo wake ni mtaa wa watu waliobeba mizigo, na hadi leo mizigo haijapungua. Jengo la soko tulijualo lilichorwa na msanifu majengo Mtanzania, Beda Amuli, na kufunguliwa mwaka 1975. Paa lake ni miavuli mikubwa ya zege iliyopinduliwa, inayoyapokea maji ya mvua na kuyateremsha chini kwa nguzo. Soko hilo lilishika moto Julai 2021, na baadaye kazi ya kulikarabati na kujenga jengo jipya kando yake ikafuata. Katika miaka hiyo ya kutanuka kwa mji, mazao nayo yamejitafutia vituo vingine. Ndizi, kwa mfano, hushushwa zaidi Mabibo, katika soko ambalo watu wamelibatiza Mahakama ya Ndizi. Hata hivyo, mtu akisema «sokoni» bila ya kutaja jina, aghalabu humaanisha Kariakoo.

Sasa tuufuate mzigo hadi ulikotoka. Reli iliyoanza kujengwa kutoka Dar es Salaam mwaka 1905 ilifika Morogoro mwaka 1907, na treni ya umeme ilianza kubeba abiria katika njia hiyo Juni 2024. Msafiri anayekaribia Morogoro huuona ukuta wa kijani kibichi umesimama upande wa kusini wa mji, na wingu limeukalia kichwani. Kilele cha Lupanga, kinachoutazama mji, kina zaidi ya mita 2,100. Kile cha Kimhandu, upande wa kusini, kinapita mita 2,600. Milima hii ni sehemu ya safu ya kale sana iitwayo Tao la Mashariki, inayoanzia vilima vya Taita nchini Kenya, ikapitia Upare, Usambara na Uluguru, hadi Udzungwa.

Wingu lile halikukaa pale kwa bahati. Upepo utokao Bahari ya Hindi, uleule tunaouita kusi na kaskazi, huja na unyevu wa bahari. Ukifika milimani hulazimika kupanda, ukipanda hupoa, ukipoa huuachia mzigo wake. Miteremko ya mashariki inayotazama bahari hunyeshewa mno, ilhali ile ya magharibi, iliyo mgongoni, hupata mvua chache zaidi. Majani ya msituni na kuvu mwani zilizoning'inia matawini hunasa hata ukungu usiotosha kuwa mvua. Udongo wenye mboji huyanywa maji hayo na kuyatoa kidogo kidogo, kwa miezi mingi, kama mama anayempimia mtoto. Vijito hukutana vikawa mto Ruvu, ambao watu wa Bagamoyo wa zamani waliujua sehemu yake ya chini kwa jina la Kingani. Basi bahari huukopesha mlima kwa upepo, na mlima huilipa bahari kwa mto. Katikati ya malipo hayo ndipo mji wa Dar es Salaam ulipoweka kikombe chake.

Msitu huo una wakazi wasiopatikana pengine popote duniani. Yuko ndege mmoja mwenye kichwa cheusi, mgongo wa kijani na kifua cha manjano, ambaye makao yake ni msitu wa Uluguru tu. Hukaa juu kabisa ya miti, na wanaomtafuta humsikia kabla ya kumwona, wengine wasimwone kabisa. Yuko pia chozi wa Uluguru, anyonyaye maua ya milima hiyo peke yake. Chini ya milima, upande wa mashariki, karibu na mto Ruvu, upo msitu mdogo wa Kimboza. Humo anaishi mjusi mdogo ambaye dume lake lina rangi ya buluu inayong'aa kama kigae. Makao yake ni mkadi. Sisi watu wa pwani twaujua mkadi kwa harufu ya ua lake, litiwalo katika vikuba pamoja na asumini na rihani. Mkadi wa Kimboza ni ndugu wa huo wetu, na mjusi huyo hujificha, hutaga na hunywa maji yaliyotuama katika makutano ya majani yake. Uzuri wake ndio uliomponza. Miaka ya 2000 maelfu kwa maelfu walikamatwa na kuuzwa ng'ambo kwa wafugaji wa viumbe vya mapambo, na mara nyingi wakamataji waliukata mkadi wenyewe ili kumpata. Tangu mwaka 2017 biashara ya kimataifa ya mjusi huyo aliyekamatwa porini imepigwa marufuku.

Watu wa milima hiyo ni Waluguru, ambao kwao ukoo hufuata upande wa mama, na ardhi ilikuwa ya ukoo kabla ya kuwa ya mtu. Mkuu mashuhuri katika mapokeo yao ni Kingalu wa Kinole, aliyesifika kwa uwezo wa mvua. Soko kuu la Morogoro lina jina lake. Wazaramo, wenyeji wa mwambao wa Dar es Salaam, ni jamaa zao. Kwa wote wawili ukoo ni wa mama, mwali huwekwa ndani na kufundwa, na kinyago kidogo cha mwana hiti kilikuwa na nafasi yake katika mafundisho hayo. Masimulizi ya Wazaramo yanasema kwamba Washomvi wa pwani waliposhambuliwa na Wakamba walimwita Pazi Kilama kutoka bara aje kuwaokoa. Naye akaja, akashinda, na Washomvi wakawa wanampa kila mwaka ada ya chumvi na nguo. Tuyachukue masimulizi hayo kama yalivyo. Jambo la kuzingatia ni kwamba ndani yake pwani inakiri kuwa ilisaidiwa, na kuwa msaada una ada.

Kukiri huko kulionekana zaidi katika habari za Kolelo. Huo ulikuwa mzimu mkubwa uliosemekana kukaa pangoni katika milima ya Uluguru, nao ulihusishwa na mvua na rutuba. Mvua ilipokosekana, Wazaramo walituma wajumbe wakiwa na sadaka, wakatembea kutoka nyanda za pwani hadi milimani kuomba. Mwaka 1905, vita vya Maji Maji vilipoanza, habari za dawa ya maji zilienea Uzaramo zikiwa na jina la Kolelo. Msomaji anaweza kuwa na rai yake juu ya imani hizo. Lakini hata asiyezikubali ataona kwamba mwenda pangoni alijua mvua yake inatoka upande gani, na alijua kuwa haendewi mwenye nacho kwa mikono mitupu.

Serikali za kikoloni zilikuja na lugha nyingine. Wajerumani waliitenga misitu ya juu kuwa hifadhi ya serikali mwanzoni mwa karne ya 20. Waingereza, mwanzoni mwa miaka ya 1950, walileta mpango wa matumizi ya ardhi ya Uluguru. Hofu yao haikuwa ya uongo: udongo ulikuwa ukishuka na mito ilikuwa ikichafuka. Dawa waliyoiandika ilikuwa matuta ya ngazi, yachimbwe na kila mkulima kwa amri, na asiyechimba atozwe faini. Kazi ilikuwa ngumu, na sehemu nyingi udongo wenye rutuba ulikuwa mwembamba, ukifukuliwa hupotea chini ya udongo usiozaa kitu. Aidha, mtu aliyezoea kwamba ardhi ni ya ukoo alijiuliza: je, akishapanga matuta kwa amri ya serikali, shamba litabaki kuwa la nani? Mwezi Julai 1955, TANU ikiwa na umri wa mwaka mmoja tu, hasira ililipuka huko Matombo, na mtu mmoja akapoteza maisha. Mpango ukavunjika, na neno matuta likabaki na uchungu kwa miaka mingi.

Wakati huohuo mji ulikuwa ukikua. Mwaka 1957 Dar es Salaam ilikuwa na watu wapatao 128,000, na Waluguru walikuwa miongoni mwa makabila yake makubwa pamoja na Wazaramo na Warufiji. Maji ya Ruvu Juu yalianza kuletwa mjini mwaka 1959, na ya Ruvu Chini mwaka 1976. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu mkoani humo watu 5,383,728. Mwishoni mwa mwaka huohuo mvua zilichelewa, Ruvu ukakonda, na mgawo wa maji ukatangazwa. Watu wa Kariakoo wakapanga ndoo, wakanunua dumu kwa bei ya juu. Wengi walilaumu bomba, na wachache walikumbuka mlima. Ujenzi wa bwawa la Kidunda, ulioanza mwaka 2023, unakusudia kuyaweka akiba maji ya Ruvu kwa siku kama hizo. Ni jambo jema, lakini bwawa ni mtungi tu. Mtungi haujazi maji wenyewe.

Hali hii si ya kwetu peke yetu. Huko Uingereza, kaskazini, liko eneo la milima na maziwa ambalo washairi wao wamelisifu tangu zamani. Mji wa viwanda wa Manchester ulipopata kiu, uliligeuza ziwa moja la huko, Thirlmere, kuwa bwawa lake, na maji yakaanza kufika mjini mwaka 1894 kwa njia ya zaidi ya kilomita 150. Waliolipenda bonde lile walipinga. Walishindwa, lakini ugomvi wao uliwafunza Waingereza kwamba mlima una haki zake hata kama mji una kiu. Washairi walikuwa wameshaufanya mlima ujulikane kwa jina, na kinachojulikana kwa jina huwa vigumu kukipora kimyakimya.

Uluguru nao ulipata funzo lake. Katika vijiji vya Kibungo Juu, kuanzia mwaka 2006, mashirika ya CARE na WWF yalijaribu jambo jipya: wakulima wa juu walipwe na watumiaji maji wa chini kwa kuutunza udongo. Shirika la maji la Dar es Salaam lilikuwa miongoni mwa waliochangia. Malipo hayakuwa makubwa. Lakini tazama walichokichimba wakulima wale kwa hiari yao, pamoja na kupanda miti: matuta! Jambo lilelile lililomwaga damu mwaka 1955 lilifanywa nusu karne baadaye kwa makubaliano. Jembe halikubadilika, wala mteremko haukulala. Kilichobadilika ni kwamba safari hii mkulima aliulizwa kwanza, na jasho lake likahesabiwa kuwa na thamani. Mwaka 2008 misitu ya kaskazini na kusini iliunganishwa kuwa hifadhi moja ya mazingira asilia, pamoja na pengo la Bunduki lililokuwa limefyekwa kwa mashamba. Hata hivyo, mradi una mwanzo na mwisho, ilhali kiu ya mji haina mwisho. Ada ya kudumu kutoka pwani, mfano wa ile chumvi ya Washomvi, bado haijawekwa.

Hapo ndipo lilipo deni. Mkulima wa Mgeta, anayeteremka njia ya utelezi na tenga la kabichi kichwani hadi gulio la Nyandira, hulipwa kwa kabichi yake, na hata hiyo kwa bei ya dalali. Kwa maji ambayo shamba lake limeyapitisha yakiwa safi, halipwi. Akikata mti ili apate pa kulima, mji humwita mharibifu. Akiuacha, mji haumwiti jina lolote.

Wapenzi wa mashairi wa mwambao wamezisifu bahari, ngalawa, asumini na mwezi, na wamezisifu vyema. Lau wangeugeuza uso kidogo, wakatazama upepo wa kusi unakokwenda baada ya kuyapita matanga, wangeuona mlima uliofunikwa na wingu lao wenyewe, na mkadi ulionyanyuka kando ya Ruvu, na mjusi wa buluu juu ya jani lake. Wazee waliokwenda kwa Kolelo walitembea siku nyingi ili kusema ahsante kabla ya kuomba tena. Sisi tunafungua mfereji. Mkono mtupu haulambwi, nao mlima umekuwa ukiulamba mkono wetu mtupu kwa muda mrefu.