Mashimo ya Umatengo

Katikati ya karne ya 19 vita vya Wangoni viliwasukuma Wamatengo kupanda milima ya Mbinga, kusini-magharibi mwa Tanzania. Usalama walikuwa nao, ila ardhi ilikuwa ya mteremko mkali. Jembe likishapita, mvua ya kwanza hushuka na udongo wote wa juu.

Jibu lao ni ngoro, yaani mashimo yaliyozungukwa na matuta.

Msimu wa mvua ukielekea ukingoni, wanaume hufyeka nyasi na kuziacha zikauke. Kisha huzilaza kwa mistari inayokatana, hata mlima mzima ukaonekana umegawanywa miraba. Wanawake hufuata na jembe: huchimba katikati ya kila mraba na kuurusha udongo juu ya nyasi. Kazi nzito ndiyo hiyo ya kuchimba, na wanaosifia ngoro huisahau mara nyingi mno. Maharage hupandwa juu ya matuta. Mahindi hufuata msimu unaofuata.

Chini ya tuta nyasi zinaoza na kulisha mizizi. Shimo nalo hunasa maji na udongo unaoteremka, na magugu yaliyopaliliwa hutupwa humohumo. Duru mpya ikianza, mashimo huhamishwa, kwa hiyo palipokuwa shimo, pamejaa mboji, panakuwa tuta. Hivyo shamba halibaki na mahindi manene huku na ya njano kule.

Kahawa, iliyoingia wakati wa ukoloni, ilichukua sehemu ya ardhi na nguvu kazi. Ngoro bado zinachimbwa.