Nyumba ya Wagonjwa na Madirisha Yake

Katika kitabu hiki cha jubilei mna habari nyingi za dawa za hospitali zetu na za watu waliozileta. Habari za nyumba zenyewe, kuta na madirisha yake, ni chache. Walakini nyumba nayo yaponya au yaua, na mambo ya kale yashuhudia.

Mwaka wa 1854, katika vita vya Crimea, Bibi Florence Nightingale alifika Scutari, ng'ambo ya mji wa Istanbul, pamoja na wanawake 38. Askari wa Kiingereza walilazwa katika kambi kubwa ya Waturuki, na chini yake mifereji ya uchafu ilikuwa imeziba. Waliouawa na kuhara na homa walikuwa wengi kupita waliouawa na majeraha. Februari 1855 walikufa kama 42 katika kila mia. Mwezi wa Machi wakaja wajumbe wa serikali, wakazibua mifereji, wakafungua njia za hewa, wakapaka kuta chokaa. Hata ilipofika Juni, waliokufa hawakutimia 3 katika mia. Chakula na uuguzi vilisaidia pia, lakini Bibi huyo aliporudi kwao akahesabu vifo, ndipo alipotambua jinsi nyumba ilivyowaua watu. Mwaka wa 1859 akatoa kitabu juu ya hospitali, akitaka wodi ndefu zenye madirisha yaelekeanayo, ili hewa ipite. Alidhani hewa mbaya yenyewe ndiyo iletayo maradhi, na hilo si sawa. Lakini madirisha yake yalikuwa sawa.

Baadaye huko Ufini, Bwana Alvar Aalto alijenga hospitali ya kifua kikuu mahali paitwapo Paimio, ikafunguliwa mwaka wa 1933. Dawa ya kuponya maradhi hayo ilikuwa haijapatikana. Yeye alimfikiri mtu alalaye, wala si asimamaye. Dari akaipaka rangi ya kijani iliyoiva, isichoshe macho; taa akaiweka mgonjwa asipoiona; na mabeseni ya kunawia akayainamisha, maji yaanguke kimya, mwenziwe asiamke.

Tena mwaka wa 1984, Bwana Roger Ulrich wa Marekani alitangaza habari za wagonjwa 46 wa hospitali moja ya Pennsylvania, waliopasuliwa kuondolewa kifuko cha nyongo. Nusu yao waliona miti dirishani, nusu waliona ukuta wa matofali. Walioona miti walirudi kwao mapema zaidi, wakahitaji dawa kali za maumivu chache kuliko wenzao. Watu 46 si wengi. Lakini sisi makatekista tuingiao wodini kusali na wagonjwa twajua jinsi wanavyogombania kitanda cha dirishani.

Basi sasa liko shauri la kuziba baraza za wodi zetu za zamani, ili vitanda viongezwe. Haja ni ya kweli, maana wako walalao sakafuni. Hata hivyo afadhali wodi mpya ijengwe kando. Na fedha zisipotosha, ukuta wa baraza usipite kifua cha mtu, juu pabaki wazi. Nami nawaomba wazee wa halmashauri, kabla ya kukata shauri, walale kwa zamu mchana mmoja katika kitanda cha katikati, waangalie wanachokiona.