Wimbo wa Kazi na Wimbo Kazini: Historia ya Kusikia na Kusikiliza Muziki Mahali pa Kazi

Ikisiri

Nyimbo za kazi huhesabiwa miongoni mwa vipera vya ushairi simulizi wa Kiswahili, na kufifia kwake hudaiwa mara nyingi kuwa ni matokeo ya redio na vyombo vya kurekodia sauti. Makala haya yanalitazama upya dai hilo kwa kulinganisha historia ya muziki viwandani nchini Uingereza na historia ya redio na bendi za wafanyakazi nchini Tanzania. Hoja kuu ni kwamba redio haikuuondoa wimbo wa kazi. Iliingia mahali ambapo wimbo huo ulikuwa umekwisha kunyamazishwa, pale mfanyakazi aliponyang'anywa mamlaka ya kuamua kasi ya kazi yake.

Utangulizi

Katika Kiswahili, tofauti kati ya wimbo wa kazi na wimbo kazini ni ya kisarufi kabla ya kuwa ya kifasihi. Kihusishi -a unganifu katika kirai cha kwanza huufunga wimbo na kazi, kila kimoja kikawa sehemu ya kingine. Kiambishi tamati -ni katika kirai cha pili hutaja mahali tu: wimbo umo mahali ambapo kazi inafanyika, lakini kazi ingeweza kuendelea bila wimbo huo, na wimbo huo ungeweza kusikika kwingineko.

Wataalamu wa fasihi simulizi wameushughulikia zaidi wimbo wa kwanza. Vitabu vya shule na vyuo huutaja kwa majina yake: hodiya kwa nyimbo za kazi kwa jumla, wawe au vave kwa nyimbo za kilimo, kimai kwa nyimbo za shughuli za baharini. M. M. Mulokozi, katika makala yake ya mwaka 1989 kuhusu tanzu za fasihi simulizi, alisisitiza kwamba utanzu hauwezi kutambuliwa kwa umbile lake pekee, bali pia kwa muktadha na namna ya uwasilishaji wake. Wimbo kazini, yaani muziki unaotoka redioni au kwenye kipaza sauti na kumfikia mtu anayefanya kazi, haujapewa nafasi katika uainishaji huo. Hutajwa tu kama adui aliyeumaliza wimbo wa kwanza. Tuhuma hiyo inahitaji kupimwa kwa ushahidi wa kihistoria.

Kasi mikononi mwa waimbaji

Wimbo wa kazi una majukumu yanayojulikana: kuunganisha nguvu za wengi katika mwendo mmoja, kupunguza uchovu, kusifu na kusuta. Wavuvi wanaovuta jarife, wanawake wanaotwanga nafaka kwa zamu katika kinu kimoja, na wapagazi wa misafara ya karne ya 19 kati ya pwani na bara, wote waliimba kwa sababu sauti iligawa muda wa kazi. Kiongozi alianzisha, wenzake wakaitikia, na katika kiitikio ndipo nguvu ilipotolewa kwa pamoja. Utafiti wa Frank Gunderson kuhusu nyimbo za kazi za Wasukuma, uliochapishwa mwaka 2010, unaonyesha jinsi vyama vya kulima vilivyobeba katika nyimbo zao kumbukumbu za uwindaji, upagazi, kilimo na siasa. Kwa hiyo wimbo wa kazi ulikuwa pia hifadhi ya historia ya watendaji wenyewe.

Jambo la kuzingatiwa hapa ni nani aliyeshika kasi. Katika mfumo wa kiongozi na waitikiaji, kasi ya kazi hupatanwa ndani ya wimbo. Kiongozi akiharakisha kupita kiasi, waitikiaji huchelewesha kiitikio. Wakichoka, wimbo hulegea na kazi hulegea nao. Hata pale kazi ilipokuwa ya kulazimishwa, wimbo uliwaachia wafanyakazi nafasi ndogo ya kuupima mwendo wao.

Vave ya Wabajuni inathibitisha kuwa uhusiano huu si wa mahali. Vave huimbwa usiku wa kuamkia uchomaji wa shamba lililofyekwa, wakati hakuna jembe wala panga linaloinuliwa. Huo ni wimbo wa kazi usioimbwa kazini. Kinachoufanya uwe wa kazi ni kwamba wakulima wenyewe wanautumia kuiandaa kazi yao na kuipa maana. Basi kigezo cha mahali, ambacho ndicho kinachobebwa na kiambishi -ni, hakitoshi kuutambua wimbo wa kazi.

Ukimya wa kiwandani

Uingereza ni mfano mzuri wa kulipima dai la kwamba redio iliua wimbo, kwa sababu historia ya muziki kazini nchini humo imechunguzwa kwa kina. Marek Korczynski, Michael Pickering na Emma Robertson, katika kitabu chao Rhythms of Labour cha mwaka 2013, wameonyesha kwamba kati ya enzi ya kuimba kazini na enzi ya kusikiliza redio kazini palikuwa na enzi ya tatu ambayo husahauliwa: enzi ya ukimya. Wafumaji wa mikono waliofanya kazi majumbani waliimba kwa sababu kitanda cha mfumi kilifuata mkono na mguu wa mtu. Mashine za mvuke zilipohamishia kazi viwandani, kasi ilihamia kwenye injini. Kelele za mitambo zilizifunika sauti, hata wafumaji wa Lancashire wakazoea kuzungumza kwa kusomana midomo. Juu ya kelele hizo viliongezwa vizuizi vya wasimamizi, kwa kuwa katika viwanda vingi kuimba, kupiga mbinja na kuzungumza kulihesabiwa kuwa utovu wa nidhamu.

Kwa hiyo wimbo wa kazi ulinyamazishwa nchini Uingereza kabla redio haijabuniwa. Walioutoa kiwandani walikuwa mwenye kiwanda na mashine yake.

Muziki uliporudi, ulirudi kwa mlango wa tajiri. Katika miaka ya 1930 watafiti wa afya ya viwandani walikuwa wakichunguza uchovu na uchushi unaotokana na kazi za kurudiarudia. Ripoti ya S. Wyatt na J. N. Langdon ya mwaka 1937 iliutaja muziki kuwa mojawapo ya njia za kupunguza uchushi huo. Miaka mitatu baadaye, vita vilipohitaji silaha kwa wingi, shirika la utangazaji la BBC lilianzisha kipindi cha Music While You Work. Kilirushwa kwa mara ya kwanza tarehe 23 Juni 1940, na kikawa kinasikika kwa nusu saa mara mbili kwa siku, saa nne na nusu asubuhi na saa tisa alasiri; baadaye kiliongezwa cha tatu kwa ajili ya zamu ya usiku. Kiliendelea hadi mwaka 1967.

Masharti ya kipindi hicho yanaeleza mengi kuliko nyimbo zake. Wynford Reynolds, kiongozi wa okestra aliyekabidhiwa usimamizi wake, alitaka sauti isiyopanda wala kushuka, ili muziki usizame chini ya kelele za mashine. Nyimbo za polepole zenye kuleta usingizi ziliepukwa, na maneno ya mtangazaji yalipunguzwa kabisa. Wimbo wa Kimarekani uitwao Deep in the Heart of Texas, ambao kiitikio chake huambatana na makofi, ulizuiwa kwa hofu kwamba wafanyakazi wangeuitikia kwa kugonga meza na mitambo kwa vifaa walivyoshika. Katazo hilo ni ushahidi wenye thamani. Linaonyesha kwamba wafanyakazi, walipopata upenyo, walikuwa tayari kuugeuza wimbo kazini uwe wimbo wa kazi: walikuwa tayari kuitikia. Na mwitikio huo ndio uliozuiwa.

Kusikia na kusikiliza

Tofauti iliyokusudiwa na masharti hayo ina maneno yake katika Kiswahili. Kitenzi sikiliza kimenyambuliwa kutoka sikia. Sauti l iliyopotea katika sikia hujitokeza tena mbele ya kiambishi -iz-, ambacho hapa hakileti maana ya kusababisha bali ya kukaza tendo. Anayesikia hufikiwa na sauti. Anayesikiliza huielekea sauti kwa hiari yake na kuipa nia.

Kwa istilahi hizo, muziki wa viwandani ulitungiwa kusikika bila kusikilizwa. Ulitakiwa uingie mwilini na kuutia nguvu, lakini usiitwae akili wala mikono. Kampuni ya Muzak ya Marekani, iliyochipuka mwaka 1934 kutokana na kazi ya Jenerali George Owen Squier ya kusafirisha sauti kwa nyaya, ililifikisha wazo hilo mwisho wake. Muziki wake ulipangwa katika vipande vya dakika 15, kila kipande kikianza kwa utulivu na kuishia kwa uchangamfu, kisha ukafuata ukimya. Vipande hivyo vilipangwa kwa kufuata saa ambazo mfanyakazi hudhaniwa kulegea. Hapa mpangilio wa wimbo wa kazi umegeuzwa kabisa. Wafanyakazi hawaipimi tena kazi kwa wimbo wao. Ni wimbo wa mwingine unaowapima wao.

Redio na bendi za wafanyakazi Tanzania

Nchini Tanganyika redio ililetwa na serikali ya kikoloni ya Kiingereza. Kituo cha Sauti ya Dar es Salaam kilianza mwaka 1951, kikageuzwa kuwa Shirika la Utangazaji la Tanganyika mwaka 1956, na kuwa Radio Tanzania Dar es Salaam mwaka 1965. Hata hivyo, mazingira ya usikilizaji wake yalitofautiana na ya Uingereza. Kazi nyingi hazikuwa za kiwandani. Redio ndogo ya transista, isiyohitaji umeme wa nyaya, ilimfikia fundi cherehani barazani, kinyozi, muuza duka na mlinzi wa usiku. Fundi cherehani huendesha mtambo wake kwa mguu wake mwenyewe. Akitaka kusimama ausikilize ubeti, husimama. Akitaka kuimba pamoja na bendi, huimba. Kwake redio ni mwenzi, si msimamizi.

Zaidi ya hayo, msikilizaji huyo alijibu. Vipindi vya salamu viliendeshwa kwa kadi zilizojazwa na wasikilizaji, zikitaja majina ya wasalimiwa, mahali walipo na wimbo unaoombwa. Mtu aliyekuwa kazini angeweza kulisikia jina lake likitajwa, naye akatuma salamu zake kwa zamu yake. Mwitikio uliozuiwa viwandani Uingereza ukapata njia nyingine, ya polepole na ya maandishi, lakini ni mwitikio. Huko ni kusikiliza, si kusikia tu.

Upande wa viwanda na mashirika palizuka aina ya tatu, ambayo yafaa kuitwa wimbo kuhusu kazi. Mwaka 1964 Chama cha Taifa cha Wafanyakazi wa Tanganyika, NUTA, kiliunda bendi yake, NUTA Jazz, ambayo baadaye ilifuata mabadiliko ya jina la chama kuwa JUWATA na OTTU, na leo inajulikana kama Msondo Ngoma. Kiwanda cha nguo cha Urafiki, kilichofunguliwa Dar es Salaam mwaka 1968 kwa msaada wa China, kilikuwa na bendi ya Urafiki Jazz. Wanamuziki wa bendi hizi walikuwa waajiriwa wanaolipwa mshahara, na kuimba ndiko kulikokuwa kazi yao. Nyimbo zao zilisikika kumbini baada ya saa za kazi na redioni mchana. Mbele ya mitambo ya kufumia nguo, kelele hazimwachii mtu sauti, awe Lancashire au Dar es Salaam. Pale wimbo usipoweza kuimbwa penye mtambo, uliajiriwa mtu wa kuuimba mahali pengine. Mfanyakazi akapata wimbo wenye jina la chama chake au kiwanda chake, lakini kasi ya mtambo ikabaki palepale.

Hitimisho

Ushahidi huu unaonyesha kwamba kudai redio iliua nyimbo za kazi ni kuchukua mambo mawili yanayoonekana pamoja na kulifanya moja kuwa chanzo cha jingine. Pale mfanyakazi alipopoteza mamlaka juu ya kasi, wimbo ulinyamaza hata bila redio. Pale alipobaki na mamlaka hayo, kama kwa fundi cherehani, redio na uimbaji vilikaa pamoja.

Matokeo yake kwa utafiti wa fasihi simulizi ni mawili. Kwanza, anayekusanya nyimbo za kazi hana budi kuandika, pamoja na maneno na ala, ni nani aliyeamua mwendo wa kazi ile: waimbaji, msimamizi, mashine au malipo ya kipande. Bila taarifa hiyo, muktadha ambao Mulokozi aliuhimiza unabaki nusu. Pili, kutoweka kwa nyimbo hizi kusihesabiwe kuwa hasara ya matini pekee. Pamoja na hodiya hupotea utaratibu wa watu kupatana hadharani kuhusu kiasi cha nguvu wanachokubali kutoa.

Swali hilo limekuwa zito zaidi tangu sheria ya utangazaji ya mwaka 1993 ilipofungua milango kwa vituo binafsi, na hasa tangu simu na visikizio vya masikioni vilipomwezesha kila mfanyakazi kuchagua wimbo wake. Uhuru wa kusikiliza umeongezeka kuliko wakati wowote. Lakini watu kumi katika chumba kimoja, kila mmoja na wimbo wake sikioni, hawana kiitikio cha pamoja. Wimbo uko kazini, tena kwa wingi; kuwa wa kazi kunahitaji mwenzi wa kuuitikia.