Nyangumi wa Loperot

Loperot iko kusini-magharibi mwa Ziwa Turkana, katika nchi kame ya ngamia na mbuzi, mita 620 juu ya usawa wa bahari na kilomita 740 kutoka pwani ya Bahari ya Hindi. Mwaka 1964 James Mead, wakati huo mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Yale, alifukua hapo kipande cha fuvu la nyangumi: mdomo tu, usiofika mita moja, wa mnyama aliyekadiriwa kuwa na urefu wa mita 7. Ni wa jamii ya nyangumi wenye midomo iliyochongoka, wapiga mbizi wa kilindini ambao chakula chao kikubwa ni ngisi. Mfupa kama huo ungeokotwa Lamu au Kilwa, ungebaki kuwa shughuli ya wataalamu wachache wanaofuatilia nasaba za nyangumi. Kwa kuwa uliokotwa Loperot, unatufundisha zaidi habari za ardhi alikofia mnyama huyo kuliko unavyotufundisha habari zake mwenyewe.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Mfupa ulilala katika mashapo ya mto, yenye umri wa miaka milioni 17 hivi. Basi nyangumi alipanda mto. Maiti haielei kupanda mto, kwa hiyo alipanda akiwa hai, huenda baada ya kupotea njia. Nyangumi hapandi maporomoko wala hajikokoti juu ya mawe kwenye maji machache. Anataka maji ya kina yanayokwenda polepole, na mto wa namna hiyo hushuka sentimita chache tu kwa kila kilomita. Watafiti walioongozwa na Henry Wichura, akiwamo Fredrick Manthi wa Makumbusho ya Kitaifa ya Kenya, walichukua mteremko wa sentimita 4 hivi kwa kilomita, wakauzidisha kwa safari ya kilomita 600 hadi 900, na mwaka 2015 wakatangaza kwamba Loperot ya wakati huo ilikuwa mita 24 hadi 37 tu juu ya bahari. Zilizobaki, karibu mita 590, ni kazi ya joto la chini kabisa ya ardhi lililoisukuma nchi juu. Lini? Jibu linatoka Yatta, ule mgongo mrefu wa mawe unaonyooka kwa kilomita 300 hivi hadi ndani ya Tsavo. Ni lava iliyofuata bonde la mto wa kale miaka milioni 13.5 iliyopita, na lava haikimbii umbali huo pasipo mteremko wa kutosha. Lava ilipomwagika, nchi ilikuwa imekwisha kuinuka; nyangumi alipopita, ilikuwa bado tambarare. Kuinuka kulianza katikati ya matukio hayo mawili.

Mtu makini atauliza kama mfupa mmoja unatosha kupimia nchi nzima. Kama swali lingekuwa nyangumi wangapi waliingia mtoni, usingetosha hata kidogo. Lakini swali ni kama njia ilikuwapo, na ng'ombe mmoja akikutwa shambani anatosha kuthibitisha kwamba ua lilikuwa na mwanya. Wala safari yenyewe si ya ajabu mno. Januari 2006 nyangumi wa jamii hiyo hiyo aliingia mto Thames hadi katikati ya London, na mwaka 2007 nyangumi wa jamii nyingine alikutwa ndani ya Brazil, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka baharini, akiwa amepanda Amazon. Pingamizi lenye uzito zaidi ni kwamba mteremko ule umeazimwa kutoka mito ya leo. Ni kweli. Hata hivyo, tuuzidishe mara mbili, Loperot haitavuka mita 80, na bado itakuwa mbali sana na 620.

Panapohitaji tahadhari ni pale hoja inapovutwa hadi kwa binadamu: kwamba milima ilizuia pepo zenye mvua, misitu ikapungua, nyasi zikaenea, na babu zetu wakasimama kwa miguu miwili. Nusu ya kwanza ina mantiki, maana nchi ikiinuka hubadilisha mvua. Lakini mifupa ya Kanapoi, huko huko Turkana, inayoonyesha wazi mwendo wa miguu miwili, ina miaka milioni 4 hivi, yaani ni ya baadaye sana kuliko mwanzo wa kuinuka huko. Nyangumi wa Loperot anatueleza jukwaa lilianza kujengwa lini. Nani alicheza juu yake, na kwa nini, ni ushahidi wa mifupa mingine.

Na yote haya nusura yapotee kwa uzembe wa kawaida wa bohari. Mead alichapisha maelezo yake mwaka 1975, kisha mfupa ukatoweka. Louis Jacobs, aliyewahi kuongoza idara ya visukuku ya makumbusho ya Nairobi, aliusaka kwa miaka kama 30 hadi alipoukuta Chuo Kikuu cha Harvard mwaka 2011, ukarudishwa Kenya. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari. Mikono ya watu imeupandisha mfupa huo karibu mita 1,000 juu ya kwao, kupita kimo ambacho ardhi iliuinua tangu nyangumi alipokwama, na mwinuko huo hauvurugi hesabu ya mtu yeyote, kwa sababu maandishi ya Mead yanasema ulikofukuliwa.